Likizo ya ukoo mzima Dodoma: anzeni na jiko, vyumba baadaye

Mwenye nyumba atakutumia picha za sebule, makochi na televisheni kubwa ukutani. Wewe omba picha ya jiko na ya tangi la maji. Mkiwa watu zaidi ya ishirini na mnajipikia wenyewe, hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua kama mtapumzika au mawifi watarudi Dar hawasalimiani. Malazi hayanisumbui. Watoto watandikiwe magodoro sebuleni, watacheka mpaka usiku wa manane.

Asili ya ukoo wetu ni Mpwapwa, ila tumetawanyika: Dar, Mwanza, Arusha. Kwa bibi hatutoshi tena, na tukienda kwake anageuka mwenyeji, anaanza kuhangaika na kuni na mchele. Ndiyo maana tunapanga nyumba nzima Dodoma mjini, naye anafuatwa, anakuja kama mgeni. Ugeni wake, hata hivyo, unaishia mlangoni pa jiko.

Tarehe kwanza. Wengi wanakimbilia Juni kwa kuwa shule zimefungwa, lakini Juni Bunge la Bajeti linakuwa bado linaendelea, mji umejaa na bei za nyumba zimepanda. Subirini liahirishwe, mtapata nafuu. Na watu wa Pwani waambiwe mapema: upepo wa Dodoma usiku wa Juni na Julai si mchezo, waje na masweta. Kwa wanaotoka Dar na wazee, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imetuokoa na basi. Desemba tiketi zigombewe mapema.

Sasa maji. Dodoma ni nchi kame, na mitaa mingi maji ya bomba ni ya mgao. Piga hesabu: watu 22, kila mmoja ndoo mbili za lita 20 kwa siku, za kuoga, choo, vyombo na nguo za watoto, hizo ni lita 880. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni la siku moja tu. Mimi natafuta la lita 5,000, na kabla ya kulipa nauliza: yakiisha, boza anaita nani, na analipa nani? Luku nayo iulizwe hapohapo.

Jiko la gesi la plate mbili ni la chai na kupashia kiporo. Ugali wa watu 22 unasongwa nje, kwenye mafiga au jiko kubwa la mkaa, kwa hiyo nyumba isiyo na uwani haitufai hata ikiwa na vigae vya kung'aa. Sufuria kubwa usibebe kutoka nyumbani. Wanaokodisha vyombo vya sherehe wapo, na utapata na mwiko wa kushika kwa mikono miwili.

Suala zito ni nani anapika. Likiachwa hewani, watapika wakamwana wawili walewale, na wanaume watauliza chakula kimefikia wapi. Kwetu kila kaya ina siku yake, baba wa kaya akiwemo. Kaya ya siku hiyo inaamua menyu, inakwenda soko la Majengo asubuhi, inapika mchana na jioni. Vyombo ni vya vijana. Asubuhi nimepiga marufuku chapati. Chapati za watu wote hao zinamla mtu mpaka saa tano. Viazi vitamu, uji wa uwele, mkate, basi.

Siku ya baba mdogo ni Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya mnada wa Msalato. Anakwenda na vijana kuchagua mbuzi. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, hivyo anachinja Mwislamu na wote tunakula sufuria moja bila maswali. Siku hiyo bibi huwa ameshaingia jikoni. Haongei, anachovya mwiko kwenye mlenda, anauinua juu, anautazama unavyovutika, halafu anaagiza karanga ziongezwe. Tumeacha kumzuia. Tunamwekea kigoda karibu na mafiga, anasimamia akiwa amekaa.

Pesa ashike mtu mmoja, mwenye daftari, na kila jioni apige picha ukurasa wa siku hiyo na kuirusha kwenye grupu. Mchango utumwe na ya kutolea. Shangazi mjane asipangiwe kiwango mbele za watu. Mweka hazina amalizane naye faragha, hata kama jibu ni sifuri.

Siku moja acheni isiwe na mapishi. Sisi tulikwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ni mwendo mrefu kutoka Dodoma mjini, na kuna kupanda mlima, kwa hiyo wenye magoti mabovu wabaki na mtu wa kuwapikia uji.

Siku ya kuondoka, vyombo vya kukodi vihesabiwe kabla mabegi hayajafungwa, na chakula kilichobaki kigawiwe hapohapo. Mchele na sabuni mnaweza kubishania. Mafuta ya alizeti ni ya bibi.