Staki ya HyperCard imefunguka bila sauti: chanzo chake, na jinsi ya kuihamisha pamoja na viungo vyake

Mkuu mleta mada, kwa faida ya wanaoingia sasa nitarudia hali yako kwa kifupi. Una staki ya ndege, yaani faili la kadi zilizounganishwa lililotengenezwa kwa HyperCard, programu ya zamani ya Macintosh; kadi moja kwa kila ndege, yenye picha, maelezo na kitufe cha mlio. Kuna mtu aliizipu kwenye Windows akakutumia. Umeifungua kwenye emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani), kadi zinaonekana vizuri, ila milio kimya, na vitufe kadhaa vinatoa ujumbe wa "Can't understand". Flopi zenyewe za 800K bado unazo. Sasa unauliza kama utoe maandishi tu uyaweke kwenye Excel, mengine uachane nayo.

Usifanye hivyo bado. Maandishi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kutoa kwenye staki. Aliyeitengeneza alitumia muda wake mwingi kwenye viungo, yaani kadi ipi inakupeleka kadi ipi na kwa neno lipi, na jedwali la Excel linafuta hayo yote.

Kwanza chanzo. Faili la Macintosh ya zamani lina matawi mawili ndani ya jina moja. Tawi la data la staki limebeba kadi, maandishi, picha nyeusi na nyeupe na skripti. Tawi la rasilimali limebeba sauti (aina ya snd), aikoni, na XCMD na XFCN, ambavyo ni vipande vya programu vilivyoandikwa kwa Pascal au C ili kuiongezea HyperCard uwezo ambao haikuzaliwa nao. Windows inajua tawi moja tu. Faili likipita huko bila kufungwa kwanza kwa StuffIt, BinHex au MacBinary (njia za kufunga zinazoshika matawi yote mawili), tawi la rasilimali linaachwa njiani. Ndiyo maana kadi ni nzima, sauti hakuna, na skripti inayoita XCMD inaambiwa haieleweki. Nakala hiyo haina dawa, irudie flopi.

Kabla ya kuisoma flopi, sogeza kile kidirisha cha plastiki kwenye kona mpaka tundu libaki wazi. Hapo haiwezi kuandikwa. Vuta kifuniko cha chuma uangalie utando: ukiona ukungu mweupe usiiingize kwenye drevu, utaharibu kichwa cha kusomea na flopi zote zitakazofuata. Ikipiga kelele ya kukwaruza, itoe papo hapo.

Drevu ya flopi ya USB haitakusaidia. Drevu ya Macintosh ilibadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kinavyohama kutoka ukingoni kwenda katikati, na flopi za 400K na 800K ziliandikwa kwa mpangilio huo. Drevu ya USB inasoma zile za 1.44MB za kasi moja tu. Ukiiwekea ya 800K, kompyuta itakwambia flopi haijaformatiwa na itajitolea kuiformati. Kataa. Njia mbili zinazofanya kazi ni Macintosh ya wakati ule yenye drevu yake, au drevu ya kawaida ya inchi 3.5 yenye waya bapa wa pini 34 ikiungwa kwenye bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Greaseweazle. Kwa Greaseweazle, chukua kwanza mawimbi ghafi kwenye faili la .scp, halafu ndipo utoe picha ya diski, yaani faili moja lenye nakala ya flopi nzima. Sekta ikigoma leo, una mawimbi ya kujaribu kuyasoma tena kesho bila kuisugua flopi upya.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: HyperCard haina amri ya Save. Kila unachoandika, kila kadi inayoongezwa, inaandikwa diskini yenyewe. Tena staki inaweza kuwa na skripti ya openStack inayobadilisha tarehe au hesabu kila inapofunguliwa, kabla hujagusa chochote. Kwa hiyo kazi yote ifanywe kwenye nakala ya picha ya diski. Ile ya asili iwekee zuio la kuandikwa.

Kuhusu emuleta: Mini vMac inayoiga Macintosh Plus inatosha kwa staki za miaka ya 1987 hadi 1990. Skrini yake ni pikseli 512 kwa 342, sawasawa na kadi ya HyperCard ya mwanzo. Kwa HyperCard 2 na staki zenye rangi tumia Basilisk II na System 7. Ukifungua staki ya toleo la 1 ndani ya toleo la 2 utaona alama ya kufuli kwenye upau wa menyu. Haijaharibika, inasubiri Convert Stack kwenye menyu ya File. Ukishaibadilisha, toleo la 1 halitaifungua tena, basi tunza nakala ambayo haijabadilishwa.

Ikifunguka kutoka flopi na milio bado kimya, angalia mambo matatu.

La kwanza ni memori. Funga HyperCard, chagua aikoni yake, fungua Get Info, pandisha kiasi cha memori hadi 4000K. Sauti inahitaji nafasi ya kutosha, na ikikosa, amri ya play, inayopiga sauti, inaweza kupita kimya bila kulalamika.

La pili, sauti huenda haziko kwenye staki hiyo kabisa. Piga hesabu uone. Sauti ya 22kHz kwa biti 8 inakula kama 22KB kwa sekunde moja, wakati picha inayojaza kadi nzima ni baiti 21,888 kabla ya kubanwa. Sekunde moja ya mlio ina uzito wa picha nzima! Hata ukishusha hadi 11kHz, flopi ya 800K inajaa kwa sekunde 70 hivi bila kuweka kadi hata moja. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka sauti kwenye staki ya pembeni, flopi nyingine, kisha wakaiita kwa amri ya start using. Tafuta maneno hayo kwenye skripti ya staki yako, yatakutajia jina la staki ya kutafuta kwenye boksi lako la flopi.

La tatu ndilo linalosumbua kuliko yote: staki ya Home ya mwenye mali, ile ambayo HyperCard huanzia. Ujumbe ndani ya HyperCard unapanda ngazi. Unaanzia kwenye kitufe, unakwenda kadi, kisha usuli (mandhari inayoshirikiwa na kadi nyingi), kisha staki, kisha Home, mwisho HyperCard yenyewe. Mtu aliyeandika amri yake ndani ya Home aliweza kuiita kutoka staki yoyote, na kwenye mashine yake kila kitu kilikwenda. Ukichukua staki bila Home yake, amri ile haina mwenyewe, nawe unaona "Can't understand". Kama kuna flopi imeandikwa Home au System, hiyo ni dhahabu. Ifungue kwa ResEdit, programu ya kuangalia tawi la rasilimali, uone kama kuna XCMD na XFCN, kisha usome skripti yake ndani ya HyperCard.

Ili uone kilichofichwa, fungua Home kwenye kadi ya Preferences uweke ngazi ya 5, Scripting. Kama vitufe vya ngazi za juu havionekani, simama kwenye kadi hiyohiyo, bonyeza Command-M, andika magic kwenye kisanduku cha ujumbe, piga Return. Kama menyu ya File ni fupi kuliko kawaida, shikilia Command unapoivuta. Kisha ukiwa ndani ya staki shikilia Command na Option pamoja: mipaka ya vitufe itatokea, hata vile vya uwazi (transparent). Ongeza Shift, visanduku vya maandishi navyo vitatokea.

Utashangaa jinsi vitufe vinavyokaa juu ya maneno. Toleo la 1 halikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuuliza neno gani limebonyezwa, hivyo mtengenezaji alitandaza kitufe kisichoonekana juu ya neno. Ukiongeza sentensi moja juu, maneno yanashuka na vitufe vinabaki pale pale, viungo vyote vinakwenda kombo. Ndiyo sababu nyingine ya kutohariri chochote kabla ya kutoa viungo. Toleo la 2 la mwaka 1990 lilileta clickText, na skripti ya kisanduku ikawa fupi hivi:

on mouseUp
  put the clickText into neno
  go card neno
  if the result is not empty then beep
end mouseUp

Kisanduku lazima kiwe kimefungwa, yaani Lock Text. Kikiwa wazi, kubonyeza kunaweka kishale cha kuandikia na mouseUp haifiki. Neno likiwa halina kadi, result inarudi na ujumbe. Weka amri ya kuunda kadi mpya mahali pa beep, unapata staki inayokua kwa kubonyeza maneno. Mtengenezaji programu Ward Cunningham alikuwa na staki ya namna hiyo miaka kadhaa kabla ya kuanzisha, mwaka 1995, wiki yake, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaihariri.

Sasa kuhamisha. Kila kadi ina ID isiyobadilika, tofauti na namba yake inayohama kila amri ya sort inapopita. Kitufe kilichoungwa kwa LinkTo huandika go to card id ikifuatwa na namba hiyo. ID ndiyo mzizi wa kila kitu, iweke safu ya kwanza. Tengeneza kitufe kwenye nakala yako uweke skripti hii, Kazi likiwa jina la diski unayoandikia:

on mouseUp
  put "Kazi:ndege.txt" into faili
  open file faili
  repeat with i = 1 to the number of cards of this bkgnd
    put the short id of card i of this bkgnd into mstari
    repeat with j = 1 to the number of bkgnd fields
      put bkgnd field j of card i of this bkgnd into t
      repeat while return is in t
        put " | " into char offset(return,t) of t
      end repeat
      put tab & t after mstari
    end repeat
    write mstari & return to file faili
  end repeat
  close file faili
end mouseUp

Ule mzunguko wa ndani wa return usiuache. Maelezo yakiwa na aya mbili, kadi moja itavunjika kuwa mistari miwili na jedwali lote litasogea. Staki ikiwa na usuli zaidi ya mmoja, nenda kwenye kadi ya kila usuli na uirudie kwa jina jingine la faili, maana kuandika upya kunafuta la mwanzo.

Kwa viungo, pita kila kadi, kila kitufe chake na kila kisanduku, ukiandika the script of pamoja na ID ya kadi. Usisahau vitufe vya usuli, hivyo vinaandikwa mara moja tu. Ukipenda njia ya mkato, programu ya stackimport inasoma tawi la data kwenye kompyuta ya leo na kutoa XML na picha za PBM, skripti zikiwemo. Kwa sauti tumia SoundApp, programu ya kubadilisha mafaili ya sauti, ndani ya emuleta. Majina yabaki kama yalivyo kwenye ResEdit, kwa kuwa amri ya play inaita sauti kwa jina.

Faili la maandishi likifika Linux au Mac ya sasa:

iconv -f MACINTOSH -t UTF-8 ndege.txt | tr '\r' '\n' > ndege-safi.txt

Bila tr utaona faili zima kama mstari mmoja, na bila iconv alama za kunukuu na herufi zenye lafudhi zitageuka takataka.

Mwisho hesabu mistari ya faili uilinganishe na jibu la the number of cards of this bkgnd. Kisha chukua kila namba iliyo baada ya card id kwenye skripti, uitafute kwenye safu ya kwanza. Isiyopatikana huenda ni ya usuli uliouruka au ya staki nyingine, basi rudi kwenye boksi la flopi.