Lipshaini iliyonichubua midomo, na ninavyozichagua sasa

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya sendofu ya mdogo wangu, midomo yangu ilianza kuchubuka. Nikafanya nililozoea: nikaongeza kupaka. Ikichubuka napaka, ikiwasha napaka, nikiamka usiku kunywa maji napaka. Lipshaini yenyewe ilikuwa ile ya kujaza midomo, inayochoma kidogo ukiipaka. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Dada, ikichoma ujue inafanya kazi." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya sendofu nilifika na duara jeusi kuuzunguka mdomo mzima. Mpambaji alinifunika na fandesheni huku akiguna, na kwenye picha naonekana kama niliyekula zambarau bila kunawa.

Daktari wa ngozi hakuwa na maswali mengi. "Mama, nitolee kila unachopaka mdomoni." Nikamimina mkoba mezani. Zilikuwa 7, na ni mbili tu zilizokuwa bado kwenye boksi. Alisoma ile inayochoma: mentholi, mdalasini, manukato. "Hii haijazi midomo," akasema, "inaikera mpaka ivimbe." Akaniachisha zote, akanipa mafuta ya mgando yasiyo na harufu, akanikataza kuilamba midomo. Baada ya wiki 3 hivi ngozi ilitulia. Weusi ulichukua miezi.

Nilichojifunza kwake ni kwamba ngozi ya mdomo ni nyembamba sana na haijitilii mafuta kama shavu au paji la uso. Maji yakishatoka, hakuna kinachoyazuia isipokuwa ulichopaka. Kwa hiyo kung'aa si kazi. Hata mafuta ya kula yanang'arisha mdomo, waulize waliotoka kula chipsi kuku. Kazi ni kufunga unyevu usitoke, na hiyo huioni kwenye kioo cha dukani.

Sasa nikinunua mpya, naipaka asubuhi baada ya chai, kwenye midomo safi, kisha siirudii hadi mchana. Mng'ao utakuwa umeshaondoka na silijali hilo. Naangalia midomo yenyewe: bado ni laini, au imekaza na kuanza vigamba? Ikikaza kuliko nilivyoamka, hiyo lipshaini haikunisaidia kitu, na ile hamu ya kuipaka kila nusu saa ilikuwa dalili wala si utamu wake. Nalirudia zoezi siku 4 au 5, maana siku moja ya kiyoyozi kikali ofisini inaweza kunidanganya.

Kunata nako watu hukusingizia bure. Mara nyingi kinachonata ni kitu kinachoandikwa Polybutene, na ndicho kinachoushikilia mng'ao usitelezee kidevuni. Ila panda bodaboda kutoka Mwenge hadi Tegeta ukiwa umeipaka, utafika na vumbi la njia nzima na nywele tatu za wigi mdomoni. Mimi nazichagua zinazonata kidogo, hilo ni suala la usafiri tu.

Kwenye viambato ndiko nilikochelewa kujua. Hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kukaa vyovyote, na rangi huja mwishoni. Basi majina 5 ya mwanzo ndiyo lipshaini yenyewe, mengine ni viungo vya mchuzi. Hapo mwanzoni napenda kukuta mafuta ya nyonyo, yanayoandikwa Ricinus Communis Seed Oil, nta ya nyuki, yaani Cera Alba, siagi ya shea, yaani Butyrospermum Parkii, au Petrolatum, ambayo ni mafuta ya mgando yale yale tuliyopakwa utotoni hadi magoti yakang'aa. Watu huyaogopa kwa kuwa asili yake ni mafuta ghafi ya petroli. Yakisafishwa inavyotakiwa, ni vigumu kupata kitu kinachofunga unyevu kuyashinda. Moja ya zile 7 zangu ilikuwa na picha kubwa ya siagi ya shea kwenye boksi. Nilipoitafuta kwenye orodha niliikuta imekaa nyuma ya manukato.

Ninavyovikwepa ni Parfum, Flavor au Aroma, yaani manukato na ladha, Menthol, Cinnamal ya mdalasini na chochote cha jamii ya Capsicum, yaani pilipili. Wapo wanaovitumia miaka na midomo yao haisemi neno. Mimi siwezi tena. Na usidhani kizuri hakimdhuru mtu: lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, na hayo mafuta ya nyonyo yana watu wanaowashwa nayo. Ndiyo maana napaka kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, wiki nzima. Wengi huniona nina makeke. Sawa.

Kuhusu parabeni, yaani vihifadhi vya kuzuia vijidudu kwenye vipodozi, jina moja limebeba vitu vingi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku 5 mwaka 2014, ukaziacha nyingine, kama methylparaben, zitumike kwa kiwango maalumu. Kwa hiyo boksi likiandikwa "haina parabeni" halinifungulishi pochi. Anayechunga halali au asiyetumia vitu vya wanyama aitafute namba CI 75470: ni wekundu unaotokana na wadudu.

Halafu kuna ule ujumbe wa WhatsApp wa kusugua pete ya dhahabu juu ya rangi ya mdomo, ikitoka alama nyeusi basi ina risasi, ile metali yenye sumu. Niliujaribu, pete ikaacha alama hata kwenye yale mafuta ya mgando niliyopewa na daktari. Haupimi chochote. Risasi hugunduliwa maabara. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inapendekeza isizidi sehemu 10 kwa kila milioni kwenye vipodozi vya mdomo. Nyumbani huwezi kuipima, kwa hiyo unachoweza ni kununua kitu chenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Kwetu Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na ukiwa na shaka unaweza kuwauliza.

Baada ya yote hayo nikasema basi, nitajitengenezea. Nta kutoka Tabora, mafuta ya nyonyo, mafuta ya nazi, nikayayeyusha juu ya maji ya moto. Ilikuwa nzuri sana, hadi nilipojifanya mtaalamu nikaongeza utomvu wa mshubiri kutoka uani. Haikuchukua siku nyingi nikafungua kikopo nikakuta manyoya ya ukungu. Mchanganyiko wenye maji unahitaji kitu cha kuzuia vijidudu, na jikoni kwangu hakipo. Bila maji hudumu, ingawa pua ndiyo mkaguzi: ikinuka karanga zilizochacha, tupa, hata kama ulinunua ghali. Ile alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye 12M ni miezi 12 tangu uifungue, na sidhani aliyeichora alifikiria mkoba ulioachwa kwenye gari mwezi wa pili Dar.

Sijaribu ya dukani iliyo wazi kwa kuigusisha mdomoni. Malengelenge ya mdomoni huambukizwa, na huwezi kujua nani alipita kabla yako. Mgongo wa mkono unatosha kuona rangi.

Juzi binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alikuja na yake kutoka Mtaa wa Kongo, Sh2,000, umbo la koni ya aiskrimu, inanukia stroberi hadi sebuleni. Nikamuuliza imeandikwa nini kilichomo. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza dirishani.

"Ma'mdogo," akasema, "imeandikwa Beauty."