Usinunue ligi, nunua timu: kwa mdau anayetaka kubeba timu za SEC tupu

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni kwanza.

Umeuliza kati ya SEC, Big Ten na ACC ni ligi ipi kali zaidi kwenye kikapu cha vyuo hapa Marekani, na ni chaneli ipi ya bei nafuu ya kuangalia mechi. Halafu mstari wa mwisho kabisa ukachomeka kwamba kazini kwenu kuna mnada wa timu, na umeshaamua kununua za SEC tupu kwa sababu 2025 ziliingia 14 kwenye mashindano ya Machi. Huo mstari wa mwisho ndio umenikalisha kitandani saa sita usiku naandika.

Kwa wasioujua: mashindano ya Machi ni ya mtoano (2025 yalikuwa na timu 68), ukifungwa mara moja umetoka. Kwenye mnada kila timu inapigiwa bei. Ukiinunua ni yako, kila ikishinda unalipwa fungu lako, ikitolewa hela yako imeondoka nayo.

Machi 2021 nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala la mizigo Ohio. Serikali ilikuwa imetoa zile dola 1,400 za korona, na za kwangu nilikuwa nimeshazipangia: bati za nyumba ya mama Morogoro. Mama alikuwa ameshaongea na fundi. Sasa kulikuwa na jamaa zamu ya usiku, tulimwona kama profesa wa kikapu, kila mapumziko yuko na karatasi za takwimu. Akaniambia, na namnukuu kwa sababu sijasahau hata neno moja: "Big Ten mwaka huu ni ligi bora kuliko zote, nunua ya kwao yoyote utakula." Nikienda nyumbani, mtangazaji wa kipindi nilichokuwa nasikiliza kwenye gari anaimba wimbo uleule. Timu tisa zimeingia. Timu hugawanywa makundi manne na kila kundi hupangwa kwa ubora, namba 1 ndiyo kali zaidi, 16 ndiyo ya mwisho: Illinois namba 1, Michigan namba 1, Ohio State namba 2, Iowa namba 2. Nani angebisha?

Nikanunua Illinois dola 260, Ohio State 170, Iowa 140, Purdue 70. Jumla 640. Bati hizo.

Ijumaa tarehe 19 Machi, mchana, Ohio State wanacheza na Oral Roberts, chuo kidogo cha Tulsa kilichopangwa namba 15. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. 75 kwa 72, Ohio State nje. Vijana wawili tu, Obanor na Abmas, walitupia pointi 59 kati ya hizo 75. Jioni ileile Purdue wanakutana na North Texas, namba 13. Muda wa nyongeza tena. Purdue nje. Siku moja, dola 240, sijala hata chakula cha jioni.

Jumapili Illinois na Loyola Chicago. Wale Illinois walikuwa na Ayo Dosunmu na Kofi Cockburn, wiki moja nyuma walikuwa wamebeba kombe la Big Ten. Loyola walikuwa na Krutwig, jamaa mnene mwenye sharubu, anasimama katikati anagawa pasi kama anagawa pilau msibani. 71 kwa 58, Illinois nje. Haikuwa bahati, walifundishwa mpira. Jumatatu Iowa wakapigwa 95 kwa 80 na Oregon, ingawa Luka Garza alifunga 36 peke yake. Mkeka wote ukawa umechanika kabla wiki ya kwanza haijaisha. Kati ya timu tisa za Big Ten, iliyofika 16 bora ni Michigan peke yake.

Na Pac-12, ligi ambayo profesa wetu aliiita ya watoto? Iliingiza tano, nne zikafika 16 bora, tatu zikafika nane bora. Oregon State, ambayo kabla ya msimu ilitabiriwa kushika mkia wa ligi yake, ilifika nane bora kwa kuwatoa Loyola haohao walionimaliza. UCLA ilianzia mechi za awali kabisa ikashinda tano mfululizo hadi nne bora, na mbili kati ya hizo tano iliwafunga Big Ten: Michigan State na Michigan. UCLA ile iliuzwa dola 10 mbele ya macho yangu. Dada mmoja wa idara ya usafi aliichukua.

Mama nilimpigia simu nikamwambia asubiri kidogo. Mvua za Aprili alizipokea na turubai. Profesa, nilipomfuata, akasema "ndiyo kikapu kilivyo, bro". Hasira zangu zinaanzia hapo, maana yeye hakununua timu hata moja! Mtu anayekupa uhakika wa hela yako huku ya kwake ameikalia, mkimbie.

Na nyie mnaojiandaa kunicheka hapo chini, mikeka yenu inachanwa kila wiki na timu za daraja la pili Uturuki ambazo hata rangi ya jezi hamuijui. Tuheshimiane.

Nilichokuja kukielewa baadaye, na kilinichukua miezi ya kusoma, ni hiki. Ligi hizi zinapimana hasa Novemba na Desemba, zinapocheza na timu za nje. Kuanzia Januari karibu muda wote zinajifungia ndani, zinachezana zenyewe. Ni kama watu 14 ndani ya chumba kimoja wanaolipana noti ileile ya elfu kumi: kila mtu ameshika pesa, kila mtu anaonekana tajiri, lakini noti ni moja. Ukishinda umemfunga "mkali", ukifungwa umefungwa na "mkali", na hesabu za viwango hazikushushi sana. Msimu ule korona ilikuwa imefuta mechi nyingi za nje, kwa hiyo sifa za Big Ten zilisimama juu ya ushahidi kiduchu. Hilo profesa hakulisema.

Na sisi Wabongo tungepaswa kulijua tangu 2009, tulipokesha kwa ajili ya Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet pale UConn, chuo cha Connecticut, kilichokuwa ligi ya Big East. Big East ilikuwa na namba 1 tatu kati ya nne, ikaingiza timu nne kwenye nane bora. Ubingwa ukaenda North Carolina, timu ya ACC. 2011 Big East hiyohiyo ikaingiza 11, 16 bora zikafika mbili. Moja ikawa bingwa, UConn, iliyomaliza ya tisa ndani ya ligi yake!

SEC ya 2025 siibezi. Ile ilijipima kweli: iliifunga ACC mechi 14 kati ya 16 mwanzoni mwa msimu, saba zikafika 16 bora, Florida akachukua kombe kwa pointi mbili dhidi ya Houston. Lakini angalia upande wa pili: saba nyingine hazikufika hiyo 16 bora. Missouri, namba 6, alitolewa na Drake mechi ya kwanza. Ungezibeba zote 14 kwa bei ya sifa za ligi, nusu ya hela yako ingekuwa imeungua kabla ya Jumatatu. Na Duke ungemwacha kwa sababu ni wa ACC, wakati alifika nne bora akiwa na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda.

Chukua kila timu unayoitaka, futa jina la ligi, andika ilimfunga nani nje ya ligi yake na ilimfunga wapi, kwake au ugenini. Ikikosa hata ushindi mmoja wa maana ugenini, mwachie mwingine apandishe bei. Mnada wenu ni lini? Njoo PM na orodha kabla hujanyoosha mkono, nitaipitia moja moja bila malipo.