Ukifukuzwa kazi na shirika la umma, hesabu siku kabla hujaenda kwa waziri

Shirika la Serikali likiachisha watu kazi hapa Dar es Salaam, mambo huwa yaleyale. Wafanyakazi wanakusanyika getini, wanachagua kamati, wanachangishana nauli, wanaandika barua kwa waziri na nakala kwa Waziri Mkuu, Msajili wa Hazina, mkuu wa mkoa na vyombo vya habari. Halafu wanasubiri. Nilikuwa kwenye kamati ya namna hiyo tulipoondolewa watu wa bohari na karakana kwa mkupuo, na tangu hapo nimewasindikiza wengine wengi. Kumwandikia waziri ni haki yako. Lakini barua hiyo haisimamishi siku za kisheria hata moja, na siku zenyewe ni chache.

Jambo la kwanza ni kujua mlango wako. Mtumishi wa umma anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu apokee uamuzi wa mamlaka yake ya nidhamu. Asiporidhika na Tume anakwenda kwa Rais, nako kuna siku 45. Aliyeajiriwa na mtu binafsi au kampuni binafsi anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.

Kosa kubwa linafanyika hapa. Zamani watu wa mashirika ya umma walikwenda CMA moja kwa moja, na hata leo ukiuliza kijiweni utaelekezwa huko. Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma ilirekebishwa, kikaongezwa kifungu cha 32A kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ikasema wazi kwamba wafanyakazi wa shirika la umma wamo humo na CMA haina mamlaka ya kuwasikiliza.

Nimeona maana ya jambo hilo kwa macho. Wenzetu waliokimbilia CMA walipokelewa vizuri, usuluhishi ukashindikana, wakaingia hatua ya uamuzi, wakaleta mashahidi. Mwanasheria wa Serikali akasimama na pingamizi la mamlaka, na shauri likaishia hapo. Kama walionewa au hawakuonewa, hakuna aliyefika kwenye swali hilo. Siku za kwenda kwenye Tume ya Utumishi zilikuwa zimekwisha zamani, na kila mmoja akabaki anaomba kuongezewa muda huku akieleza alikuwa wapi siku zote hizo. Linaniuma mpaka leo, maana kati yao walikuwamo watu wenye hoja nzito kuliko sisi.

Ikiwa mwajiri wako ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, yaani kwa wakala wa usajili wa kampuni, na Serikali ina hisa tu ndani yake, usikisie uko upande gani. Peleka barua yako ya ajira na ya kuachishwa kwa mwanasheria wiki ileile ya kwanza. Asiye na pesa ya wakili aende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria bure hapa mjini.

Sasa karatasi. Barua ya kufukuzwa ikiletwa, utaletewa na daftari la dispachi utie sahihi. Andika tarehe ya siku hiyo kwa mkono wako, palepale kwenye sahihi, kisha piga picha ukurasa huo kwa simu. Barua hizi mara nyingi zina tarehe ya nyuma: imeandikwa mwanzo wa mwezi, inakufikia mwezi ukikaribia kuisha, na bila ushahidi wa siku uliyoipokea watahesabu kwa tarehe ya barua, ionekane siku zako nusu zililiwa kabla hujafungua bahasha. Mama mmoja wa bohari alikuwa na desturi ya kuandika tarehe na saa kwenye kila karatasi anayopokea, iwe ya mzigo iwe ya ofisi. Mwajiri alipodai amechelewa kukata rufaa, alitoa nakala yake na maneno yakaisha. Vivyo hivyo kwa kila unachopeleka wewe: nakala yako igongwe muhuri wa masijala wa kupokelewa, wenye tarehe. Karani akikwambia "wewe acha tu, nitaipeleka", subiri muhuri.

Ndani ya rufaa, punguza habari za watoto wanaosoma na miaka uliyotumikia kwa uaminifu. Eleza utaratibu. Je, ulipewa hati ya mashtaka? Ulipewa muda wa kujibu? Kamati ya uchunguzi iliundwa, ukaitwa, ukaruhusiwa kuwauliza mashahidi wao maswali? Aliyesaini barua ndiye mwenye mamlaka ya nidhamu juu yako? Mahali waliporuka hatua, paandike na uambatishe ushahidi.

Wanasiasa wana kazi yao, hasa mkiwa wengi na mmeondolewa kwa agizo moja. Aprili 2018, baada ya wabunge na vyama vya wafanyakazi kulisemea sana, Serikali iliagiza watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini. Kelele zilisaidia, lakini aliyerudi ni yule ambaye barua yake ya ajira ilionyesha tarehe. Kwa hiyo kamati iende Dodoma kwa waziri, huku kila mtu akiwa tayari na rufaa yake iliyopokelewa.

Ukiwa unasubiri, nenda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, uulizie fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18, na hakuacha kazi kwa hiari yake, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo ndiyo kodi ya nyumba na unga. Na mwajiri akikuita kuchukua malipo ya mwisho, soma fomu yote kabla ya kusaini. Ukikuta sentensi inayosema huna madai mengine yoyote, omba nakala, iweke kwenye bahasha, mpelekee mwanasheria, kisha urudi kusaini ukishajua unasaini nini.