Nilivyolala Simbu Akichukua Dhahabu

Jumapili ya Septemba 14, 2025 nilikuwa kibanda umiza hapa mtaani, nimebanwa kwenye benchi katikati ya mashabiki wa Manchester United, tunaangalia timu yao ikichapwa 3-0 na Manchester City. Mpira uliisha mapema tu, ila mabishano yakatufikisha saa tano usiku. Nikarudi nyumbani, nikala kiporo, nikalala fofofo. Huku mimi nakoroma, mwanariadha wetu Alphonce Simbu anakimbia marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo.

Asubuhi mama watoto akanitikisa bega. "Baba Junior, si wewe mtu wa michezo? Mtanzania kachukua dhahabu ya dunia usiku, wewe unaota."

Dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983! King'amuzi kipo, kifurushi nimelipia, umeme haukukatika. Sina wa kumlaumu. Nilichokosa ni kujua saa tu, na hilo ndilo somo la kwanza. Tokyo wametutangulia saa sita, kwa hiyo marathoni inayoanza asubuhi kwao, kwetu ni baada ya saa saba usiku, na inamalizika alfajiri inakaribia. Siku hizi yakikaribia mashindano yoyote makubwa nachukua daftari la mwanangu, nachana karatasi moja, naandika mbio ninazozitaka kwa saa za kwetu, halafu naibandika pembeni ya runinga. Ukitegemea simu ikukumbushe, itakukumbusha habari za usajili wa Ulaya.

La pili, na hili ndilo lililonigusa zaidi: tafuta marudio kamili. Jumatatu nzima nilitumiwa kipande kilekile cha sekunde chache, na watu kwenye kijiwe wakawa wanasema Simbu ana bahati. Ukitazama kipande peke yake utakubali. Mjerumani Amanal Petros anaongoza pale mwishoni, Simbu anatokea nyuma yake, wote wanajirusha kwenye mstari. Muda wao ni mmoja, saa 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Simbu mwenyewe hakuwa na uhakika mpaka alipoona jina lake liko juu kwenye skrini ya uwanja.

Nilipopata mbio nzima nikaiona tofauti. (Kwanza nilicheka: kuna mtu alianza kabla ya ishara, wakarudishwa wote. Kilomita 42 na bado mtu anawahi!) Joto na unyevunyevu wa Tokyo, kundi kubwa linakwenda pamoja, kisha mmoja mmoja wanaanza kudondoka. Simbu hana papara. Na mtu aliyefuatilia marathoni ya Boston mwezi Aprili mwaka huohuo anajua mbio za namna hii kwake si ngeni: kule alishika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04, muda sawasawa na Mkenya Cybrian Kotut aliyekuwa wa tatu. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano, mashindano ya dunia ya London 2017 akapata shaba. Bahati gani hiyo ya miaka tisa?

Sasa kuhusu wachambuzi. Jumatatu hiyo nilipanda daladala, redio inaunguruma, nikajua leo nitasikia habari za Simbu mpaka nishuke. Akatajwa, akapongezwa, tukarudi kwa Simba na Yanga, maana kesho yake walikuwa wanakutana kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu. Nani ataanza langoni, nani ana goti. Nilichukia, kisha nikajikuta nami nachangia, kwa sauti kubwa, kuhusu kiungo wetu. Yanga wakatufunga 1-0, tukaongea wiki nzima tena. Redio inatupa tunachopigia simu. Ushauri wangu hapa ni mfupi: mechi ikiisha, zima. Ukitaka kubishana, bishana na mtu mliyeangalia naye.

Nawaza Kombe la Dunia la 2026. Mechi 104, Marekani, Kanada na Mexico. New York wako nyuma yetu kwa saa saba wakati huo wa mwaka, yaani mpira wa saa tatu usiku kule ni saa kumi alfajiri hapa, na saa kumi na mbili mimi natakiwa niwe kituoni nasubiri gari. Huwezi kuziangalia zote ukabaki na kazi. Wakati wa makundi nitachagua timu za Afrika, zingine nitaamka nisome matokeo kama watu wa zamani.

Mama watoto tumeshaelewana: usiku wa manane mechi mbili kwa wiki, sauti chini, taa ya sebuleni isiwashwe. Ila Simbu akikimbia tena, amesema nimwamshe na yeye.