Kamusi ipo, neno "halimo"

Mwalimu mwenzangu, unasema una kamusi nane kwa darasa la sita lenye watoto zaidi ya 50, na baada ya dakika mbili wanazifunga wakidai neno halimo. Nadhani limo. Wanatafuta "walimchekea" kwenye W.

Hapo ndipo pa kukazania. Kamusi zetu huingiza kitenzi kwa umbo lake la msingi, kwa hiyo mtoto avue kwanza wa-, -li- na -m-, kisha aende "cheka". Mara nyingi "chekea" ataikuta humo humo. Nomino zinasumbua zaidi: "vyura" ni rahisi, lakini "meno" yako kwenye "jino" na "nyuso" kwenye "uso". Kila siku andika ubaoni maneno matano ya namna hiyo, wakutajie umbo la kutafutia kabla hawajagusa kamusi.

Vifupisho kama nm (nomino) na kt (kitenzi) vimeelezwa kurasa za mwanzo. Wasomeshe mara moja. Kwenye neno lenye maana nyingi kama "paa" usikubali maana ya kwanza tu: wajaribu kila moja ndani ya sentensi waliyopewa.

Makundi ya saba saba yanatosha, ila anayefunua kurasa abadilishwe kila neno, la sivyo hodari mmoja atafanya yote. Mashindano ya kasi mimi siyapendi, yanawafundisha kubahatisha.

Ukimwona mtoto anasogeza ukurasa karibu na pua, au anachanganya b na d mpaka leo, zungumza na wazazi. Apimwe macho, na mwalimu wa elimu maalumu amwangalie.