Maswali yenu kuhusu Dario Hübner

Juma lililopita nilimtaja Dario Hübner kwa sentensi moja tu, kati ya mastraika wa Italia waliohamahama klabu. Maswali yaliyokuja juu yake yamewazidi hata wanaouliza habari za straika Christian Vieri.

Straika mzuri hivyo, ilikuwaje afike Serie A, ligi kuu ya Italia, na miaka 30? (Msomaji, Tanga)

Hakuna mkubwa aliyekuwa akimtazama. Alizaliwa Trieste mwaka 1967, na ujana wake ulipita karakana na viwanja vya ridhaa, si akademi. Akapanda ngazi moja moja: Pievigina, Pergocrema, kisha Fano, alikokuwa mfungaji bora wa daraja la tatu. Cesena walimchukua mwaka 1992 wakakaa naye miaka mitano. Msimu wa 1995/96 akaongoza ufungaji Serie B, daraja la pili, kwa mabao 22. Brescia walipopanda Serie A mwaka 1997 wakamchukua, ndipo mlango ukafunguka.

Ni kweli alitaka kumharibia Ronaldo sherehe Inter? (Msomaji, Mombasa)

Nusura! Agosti 31, 1997, San Siro, uwanja wa Inter, umefurika, watu wamekuja kumwona Mbrazili akianza ligi. Kipindi cha pili Hübner, naye mgeni wa Serie A kama Ronaldo, akawatungua Inter. Uwanja kimya. Kisha akaingia kijana wa Uruguay kutoka benchi, Álvaro Recoba, akapiga makombora mawili ya mguu wa kushoto kutoka mbali na mchezo ukaisha 2-1. Kesho yake nani angemkumbuka Hübner?

Msimu ule alifunga mabao 16, Brescia wakashuka hivyo hivyo. Akashuka nao, akawarudisha juu, na mwaka 2000/01 akiwa na Roberto Baggio pembeni yake akafunga 17.

Na sigara? (Msomaji, Dodoma)

Alivuta, wala hakuficha. Mengine mnayosimuliana yametiwa chumvi nyingi.

Aliupataje ufungaji bora mbele ya watu wa Juventus na Inter? (Msomaji, Nairobi)

Piacenza, 2001/02, miaka 34 akielekea 35. Mabao 24, sawa na David Trezeguet. Tazameni tofauti: Trezeguet alikuwa Juventus, nyuma yake Nedved na Del Piero. Hübner alikuwa kwenye timu iliyopigania kubaki hadi siku ya mwisho, Mei 5, ilipoichapa Verona 3-0 na kuishusha daraja. Kwangu mimi mabao ya Hübner ni mazito zaidi, na mashabiki wa Juve wanisamehe.

Mbona hakucheza timu ya taifa? (Msomaji, Bukavu)

Umri, kwanza. Pili, kocha wa Italia, Trapattoni, alikwenda Kombe la Dunia la Korea na Japani mwaka 2002 na Vieri, Inzaghi, Del Piero, Montella na Delvecchio. Hapo angemtoa nani? Mimi ningemtoa Delvecchio, ila hakuna aliyeniuliza.

Yuko mwingine wa aina yake? (Msomaji, Zanzibar)

Igor Protti. Naye ameongoza ufungaji madaraja yote matatu, ila kwa kuanzia juu: 1995/96 alifunga 24 na Bari, sawa na Giuseppe Signori wa Lazio, na Bari wakashuka. Baadaye akarudi Livorno, daraja la tatu, akawapandisha hadi Serie B na kuongoza ufungaji huko pia. Juma lijalo nitamjibia yeye, leteni maswali.